Kiharusi cha kuvuja damu: kwa nini dawa iliyokatazwa Jumatatu inachomwa Alhamisi

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, salaam. Kuna swali linaloulizwa kila wiki kwenye wodi zenye wagonjwa wa kiharusi, na ndugu wa mgonjwa wana haki ya kupewa jibu lililonyooka. Mgonjwa kaletwa Jumatatu, skani ya CT imeonyesha damu imevujia ndani ya ubongo, wakaambiwa aspirini marufuku, warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, marufuku. Alhamisi wanamkuta muuguzi anamchoma heparini tumboni. "Si mlisema damu inavuja? Mbona mnampa dawa ya kuyeyusha?"

Kwanza, heparini haiyeyushi kitu. Inazuia bonge jipya lisitengenezwe na lililopo lisikue. Dawa za kuyeyusha kweli ni jamii nyingine, na hizo mgonjwa huyu hapewi kabisa.

Pili, tuangalie damu yenyewe inavyobadilika. Mshipa mdogo ndani ya ubongo, mara nyingi uliochakazwa na presha ya miaka mingi, umepasuka. Tishu ya ubongo imejaa kichocheo cha kuwasha ugandaji kinachoitwa tishu fakta. Damu ikikigusa, trombini, kimeng'enya cha kugandisha, inazalishwa kwa kasi, protini ya damu iitwayo fibrinojeni inageuka nyuzi, chembe sahani, vijichembe vya damu vya kuziba jeraha, zinajazana na tundu linaanza kuzibwa. Kwa mtu asiyetumia dawa za kuzuia kuganda na mwenye ini zima, vipimo vya siku hiyo mara nyingi hutoka vya kawaida. Damu yake haina kasoro. Kilichopo ni mashindano kati ya kuziba kwa tundu na presha inayosukuma. Karibu theluthi moja ya wagonjwa dimbwi la damu huongezeka, na sehemu kubwa ya ongezeko hutokea ndani ya saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 wanaoendelea kuvuja ni wachache, isipokuwa waliokuwa kwenye warfarini ambao hawajarekebishwa.

Trombini ile ile iliyookoa jahazi ina madhara yake. Inavujia kwenye tishu ya jirani na kuchangia uvimbe kuzunguka dimbwi. Baadaye chembe nyekundu zikivunjika, madini ya chuma yaliyomo yanaendelea kuisumbua tishu hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzidiwa siku ya 3 au ya 5 bila kuvuja tone jipya: ni uvimbe, na unaweza kuendelea kukua hadi wiki ya 2.

Sasa sehemu ya Alhamisi. Ini, kwa kuitikia jeraha, linaongeza fibrinojeni. Mgonjwa amelala, mguu uliopooza hausukumi damu kurudi juu, maji mwilini ni pungufu. Damu inaelekea upande wa kuganda kupita kiasi, na mahali pake pa kuganda ni veni za mguu, kisha bonge likatike liende mapafuni. Wagonjwa hawa hupata mabonge ya miguuni zaidi hata kuliko wale wa kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya dawa yoyote hapa ni moja: tuko saa ya ngapi tangu kuvuja?

Karibuni, kila mmoja aongeze kwa upande wake.

Chupa_ya_Bluu
Mkuu, niongezee upande wa maabara, maana maamuzi yote hayo yanasimama juu ya sampuli, na sampuli nyingi zinazoletwa ni mbovu.

Kipimo cha PT na INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda (INR ikiwa juu, inachelewa zaidi), kinahitaji chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, kimiminika cha kuzuia damu isigande chupani. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Chupa ya kawaida inapokea mililita 2.7. Ukijaza nusu, sitreti inazidi, inafunga kalsiamu yote, na INR inasomeka juu kuliko ukweli. Mgonjwa anaongezewa utegili, yaani majimaji ya damu yenye vipengele vya kugandisha, asiouhitaji. Geuza chupa taratibu mara 3 hadi 4, usiitikise. Usivute damu kwenye mrija uliosafishwa kwa heparini. Kwa aPTT, kipimo kingine cha muda wa kuganda, sampuli ifike na kupimwa ndani ya saa 4.

Chembe sahani zikitoka chini sana ghafla kwa mtu asiye na dalili yoyote, omba zitazamwe kwenye darubini kwanza. Wakati mwingine zimeshikamana ndani ya chupa ya EDTA, ile ya kuhesabia chembe, na mashine haizihesabu. Zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita kwa kweli, hapo kuna kazi ya kufanya. Fibrinojeni ikiwa chini ya gramu 1.5 kwa lita, fikiria krayo, zao la damu lenye fibrinojeni nyingi.

Kwenye vituo visivyo na mashine watu hutumia kipimo cha dakika 20 cha kung'atwa na nyoka: mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, iachwe bila kuguswa, kisha iinamishwe. Ikiwa bado ni maji, ugandaji umeharibika vibaya. Lakini jamani, damu ikiganda isikudanganye. Kipimo hiki hushika upungufu mkubwa wa fibrinojeni. Mtu mwenye INR ya 3 kwa sababu ya warfarini damu yake inaweza kuganda vizuri ndani ya chupa hiyo huku ubongoni inavuja.

Mfamasia_wa_Pwani
Hapo kwenye warfarini ndipo muda mwingi unapotea. Mpangilio ni huu, na usisubiri kimoja kiishe ndipo uanze kingine.

Vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, ndani ya mililita 50 hadi 100 za salaini, iingie kwa dakika 20 hadi 30. Ikisukumwa haraka inaweza kuleta mzio mkali. Wala usiichome kwenye msuli, utaanzisha dimbwi la pili pajani. Inachukua saa kadhaa kuanza kazi na hadi siku nzima kukamilisha, kwa sababu ini linatengeneza vipengele vipya vya kugandisha kuanzia mwanzo. Kwa hiyo peke yake haitoshi.

Pamoja nayo, PCC, yaani vipengele vya kugandisha vilivyokolezwa, uniti 25 hadi 50 kwa kilo kama INR ni 2 au zaidi. Kwa INR ya 1.3 hadi 1.9, uniti 10 hadi 20 kwa kilo. Inaingia kwa dakika chache na haihitaji kulinganisha kundi la damu. Jaribio la INCH la mwaka 2016 liliiweka uso kwa uso na utegili: ndani ya saa 3, INR ilishuka hadi 1.2 au chini kwa asilimia 67 ya waliopewa PCC, na asilimia 9 tu ya waliopewa utegili.

Hospitali nyingi huku kwetu hazina PCC, tuseme ukweli. Kinachobaki ni utegili uliogandishwa, ile FFP, mililita 10 hadi 15 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo cha 15 ni mililita 900, kama mifuko minne. Kuyeyusha ni karibu nusu saa, lazima kundi lioane, na moyo dhaifu unaweza kuzidiwa na maji hayo. Pigia benki ya damu wakati mgonjwa bado yuko kwenye CT, usingoje karatasi ya majibu.

Pima INR dakika 15 hadi 60 baada ya PCC, kisha kila saa 6 hadi 8 kwa siku ya kwanza. Vitamini K ikisahaulika, namba hupanda tena usiku, kwa sababu kipengele cha 7 hudumu saa chache tu mwilini.

Kwa heparini, kinzani ni protamini, miligramu 1 kwa kila uniti 100 zilizoingia ndani ya saa 2 hadi 3 zilizopita, isizidi miligramu 50. Dabigatrani, moja ya dawa mpya za kuzuia kuganda, ina kinzani chake, idarusizumabu gramu 5. Kwa wenzake rivaroksabani na apiksabani kinzani kilichotengenezwa ni andeksaneti. Kwenye jaribio la ANNEXA-I la mwaka 2024 ilizuia kuvuja vizuri zaidi lakini ikaongeza matukio ya damu kuganda. Pasipo nayo, PCC uniti 50 kwa kilo hutumika. Vitamini K haifanyi kitu kwa dawa hizi mpya.

Sista_Wodi7
Na traneksamiki je, ile dawa ya kuzuia bonge lisiyeyuke? Naona inaandikwa kwa kila anayevuja, kuanzia mama aliyejifungua hadi ajali.

Zamu_ya_Usiku
Swali zuri dada. Kwa mama aliyejifungua ina nafasi yake kabisa. Kwa kiharusi cha kuvuja, jaribio la TICH-2 lililotoka mwaka 2018 liliwapa watu 2,325 gramu 1 ya haraka na gramu 1 kwa saa 8, au dawa tupu. Dimbwi lilikua kidogo pungufu na vifo vya siku 7 za mwanzo vilipungua. Lakini siku ya 90, hali ya watu kujitegemea ilikuwa sawa pande zote mbili. Kwa hiyo si dawa ya kawaida kwa ugonjwa huu.

Kipengele cha 7 cha kugandisha, kilichotengenezwa kiwandani, kiliishia vivyo hivyo mwaka 2008: dimbwi lilizuiwa kukua, wagonjwa hawakupona zaidi, na mishipa ya ateri ikaziba zaidi.

Chembe sahani nazo msizimwage ovyo kwa sababu tu mgonjwa alikuwa anakunywa aspirini. Jaribio la PATCH la mwaka 2016 lilionyesha waliowekewa walikufa au kubaki tegemezi zaidi kuliko ambao hawakuwekewa. Anayekwenda kupasuliwa kichwa ni suala tofauti, hilo azungumze daktari wa upasuaji.

Kilichofanya kazi vizuri ni kifurushi cha mambo madogo kwa pamoja. Jaribio la INTERACT3, lililochapishwa mwaka 2023, lilihusisha wagonjwa 7,036, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Nigeria ikiwemo. Namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 140 ndani ya saa moja. Sukari ikae milimoli 6.1 hadi 7.8 kwa lita kwa asiye na kisukari, 7.8 hadi 10 kwa mwenye kisukari. Joto lisizidi 37.5. INR ya aliyekuwa kwenye warfarini ishuke chini ya 1.5 ndani ya saa moja. Waliopata kifurushi walipona vizuri zaidi. Hakuna mashine ya gharama humo. Ni saa ya ukutani, paracetamoli, insulini, kidhibiti cha matone na mtu wa kukaa karibu.

Tahadhari moja: usiporomoshe presha katika saa hizi za mwanzo. Lenga 140, ielee kati ya 130 na 150, isishuke chini ya 130. Nifedipini ya kutoboa na kudondoshea chini ya ulimi iachwe kabisa, inashusha kwa namna usiyoweza kuidhibiti. Labetaloli miligramu 10 hadi 20 taratibu kwenye mshipa ni bora kama ipo na mapigo ya moyo si ya chini wala hana pumu. Hidralazini itumike kidogo kidogo, miligramu 5, ukipima kila dakika 5 hadi 10, kwa sababu inachelewa kisha inashuka kwa mkupuo.

Sista_Wodi7
Asante daktari. Sasa nirudi kwenye miguu, maana hapo ni kwetu wauguzi.

Soksi ndefu za kubana, zile nyeupe za mapajani, ziondoeni kwenye orodha. Jaribio la CLOTS 1 la mwaka 2009 lilionyesha hazizuii mabonge kwa wagonjwa wa kiharusi, na zinachubua ngozi. Kinachosaidia ni mashine ya kubana miguu kwa hewa, ile inayojaa na kupungua. Kwenye CLOTS 3 mabonge yalishuka kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5. Ianze siku ya kulazwa, miguu yote miwili, ivuliwe wakati wa kuoga na kukagua visigino tu. Inayokaa ukutani imezimwa haimsaidii mtu.

Pasipo mashine, kinachobaki ni maji ya kutosha, kumsogeza, na sindano kwa wakati wake. Sindano inaanza saa 24 hadi 48 baada ya kuvuja, skani ya pili ikishaonyesha dimbwi limetulia na presha imeshikwa. Pale ambapo skani ya pili haipatikani, madaktari wengi husubiri hadi siku ya 3 au 4 huku wakifuatilia fahamu. Enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku, au heparini ya kawaida uniti 5,000 kila saa 8 hadi 12. Figo zikiwa dhaifu, heparini ya kawaida ndiyo salama zaidi. Hiki ni kipimo cha kinga. Kipimo cha tiba ni kikubwa mara kadhaa, na kuchanganya viwili hivi ni kosa linaloua.

Kila asubuhi pima mzunguko wa miguu kwa utepe, sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini ya goti. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3, ita daktari. Chembe sahani zihesabiwe kati ya siku ya 5 na ya 10 ya heparini. Zikishuka kwa nusu, heparini inasimamishwa.

Na ndugu, tafadhali: mguu uliovimba usikandwe. Najua maji ya moto na mafuta ya kuchua ni mkono wa upendo kwa mgonjwa aliyepooza. Lakini mguu wenye bonge ukichuliwa, bonge linaweza kukatika na kupanda mapafuni. Na upande uliokufa ganzi hauhisi moto, kwa hiyo tunapokea malengelenge makubwa yaliyotokana na chupa ya maji ya moto. Akianza ghafla kuhema kwa kasi, kifua kuuma, mapigo kwenda mbio, hiyo ni dharura ya dakika ile ile.

Chupa_ya_Bluu
Hapo daktari atakimbilia kuomba D-daima, kipimo cha mabaki ya damu iliyoganda. Kwa mgonjwa huyu haitamsaidia. Dimbwi la kichwani lenyewe linapandisha D-daima kwa siku nyingi, kwa hiyo itakuwa juu awe na bonge mguuni au asiwe nalo. Mpelekeni moja kwa moja ultrasaundi ya veni: veni isiyobonyea chini ya kipimo ina bonge.

Zamu_ya_Usiku
Sahihi kabisa. Na bonge likikutwa katika siku za mwanzo, ambapo kipimo cha tiba ni hatari kwa kichwa, pale penye uwezo huwekwa chujio kwenye veni kuu ya tumbo kwa muda, kisha dawa kamili ikaanzishwa baada ya wiki 1 hadi 2. Pasipo chujio ni mizani ngumu, na familia iambiwe wazi pande zote mbili.

Viungo_Kwanza
Nami niseme la kupona, kwa sababu watu wanakata tamaa mapema mno. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 inashauri uamuzi mpya wa kutomfufua mgonjwa moyo wake ukisimama usifanywe kabla ya siku ya pili kamili ya kulazwa, kwa wale ambao hawakuwa na wosia huo tangu awali. Sababu ni kwamba tabiri za saa za kwanza zinakosea, na huduma ikipunguzwa kwa kuamini tabiri, tabiri inajitimiza.

Kwenye kuvuja, sehemu ya udhaifu inatokana na dimbwi na uvimbe kubana nyuzi ambazo hazijafa. Dimbwi likinyonywa na uvimbe kushuka, nyuzi hizo zinarudi kazini. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonekana hana mabadiliko kwa wiki mbili tatu, kisha akaanza kusogea. Miezi 3 hadi 6 ya kwanza ndiyo yenye mwendo mkubwa, na baada ya hapo maendeleo hayasimami, yanapungua kasi.

Ndani ya saa 24 za mwanzo usimtoe kitandani kwa nguvu. Jaribio la AVERT la mwaka 2015 lilionyesha kuanza mapema sana na kwa wingi kunapunguza nafasi ya kupona vizuri. Kati ya saa 24 na 48, kama ametulia, mkalishe ukingoni mwa kitanda dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, ukipima presha kabla na baada. Vipindi vifupi vingi ni bora kuliko kimoja kirefu. Akianza kusinzia, kutapika au kuumwa kichwa upya, mlaze, inua kichwa nyuzi 30, ita daktari.

Usimvute kwa kwapa wala kwa mkono uliopooza. Bega lake halina misuli ya kulishika, linachomoka, na maumivu yake yatazuia mazoezi kwa miezi. Mto chini ya mkono akiwa amekaa, mgeuze kila saa 2 akiwa amelala. Uji usimfikie mdomoni kabla hajajaribiwa kumeza: kijiko kimoja cha maji akiwa ameketi wima, subiri, sikiliza kikohozi na sauti yenye majimaji. Akifaulu vijiko vitatu ndipo uongeze. Nimonia ya chakula kuingia mapafuni inarudisha nyuma kazi yote.

Mfamasia_wa_Pwani
Nimalizie kwa upande wa kurudi nyumbani, maana mkanganyiko wa dawa uko huko.

Dawa ya maumivu ni paracetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na sindano za matakoni za maumivu ziachwe. Aspirini ya kinga ya moyo inaweza kurudishwa kwa mwenye sababu ya kweli: kwenye jaribio la RESTART la mwaka 2019 waliorudishiwa dawa za aina hiyo walivuja tena asilimia 4, wasiorudishiwa asilimia 9. Haimaanishi aspirini inazuia kuvuja. Inamaanisha hofu tuliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Wengi walianza miezi 2 hadi 3 baada ya tukio, si wiki ile.

Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mazungumzo ya kurudisha dawa ya kuzuia kuganda huanza karibu wiki ya 7 hadi 8. Jaribio la PRESTIGE-AF la mwaka 2025 limeonyesha pande zote mbili kwa uwazi: viharusi vya kuziba vilipungua sana, kuvuja tena kukaongezeka. Aliyevujia karibu na gamba la ubongo ana hatari kubwa ya kurudia kuliko aliyevujia ndani kabisa kwa sababu ya presha, kwa hiyo jibu si moja kwa wote. Na presha iwe chini ya 130 kwa 80 kabla ya kuzungumza lolote.

Sista_Wodi7
Na wale wa valvu za chuma moyoni? Huku wengi ni vijana, ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mwingine anasikia kuna dawa mpya zisizohitaji kupima INR, anabadilisha mwenyewe dukani.

Mfamasia_wa_Pwani
Hao wasibadilishe. Valvu ya chuma ni warfarini tu. Dabigatrani ilijaribiwa kwenye valvu hizo na jaribio likasimamishwa kwa sababu ya madhara. Hata wasio na valvu ya chuma lakini wenye moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 lilionyesha warfarini na jamii yake inashinda rivaroksabani.

Mwenye valvu ya chuma hawezi kungoja wiki 8, valvu itaziba. Kwake warfarini hurudi mapema zaidi, mara nyingi karibu wiki ya 2 baada ya skani kuonyesha utulivu, kwa makubaliano ya daktari wa moyo na wa ubongo wakiwa mezani pamoja. INR 2 hadi 3 kwa valvu ya aota, 2.5 hadi 3.5 kwa ya mitrali. Ipimwe kila siku 2 au 3 mpaka itulie, kisha kila wiki, kisha kila mwezi.

Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki visikatazwe. Vina vitamini K, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Anayeacha mboga ghafla INR inapanda. Metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli zinapandisha INR, rifampisini na kabamazepini zinaishusha. Dawa yoyote kati ya hizo ikianza au ikisimama, rudia kupima INR ndani ya siku 3 hadi 5. Kwa rifampisini endelea kupima kwa wiki kadhaa hata baada ya dozi ya kifua kikuu kuisha, kwa sababu ini linachelewa kurudi kwenye kasi yake ya zamani na kipimo kile kile cha warfarini kinageuka kuwa kikubwa mno.